UZI: Chachu ya mkate nyumbani, kuianzisha na kuitunza kwenye joto letu

Jiko la Makaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Maswali mawili yanajirudia humu kila wiki. La kwanza: "Chachu ilipanda vizuri siku ya pili, sasa imelala kabisa, niimwage?" La pili: "Nailisha kila siku asubuhi bila kukosa, lakini mkate unatoka mchachu na bapa kama chapati." Nimeona niyajibu kwa pamoja, kwa kirefu, ili mwenye shida aelekezwe hapa.

Msimamo wangu ni huu. Maelekezo mengi tunayoyasoma mtandaoni yameandikwa na watu ambao jikoni kwao kuna nyuzi 20 hadi 23. Ukiyachukua yalivyo ukayatumia Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako jikoni ni nyuzi 28 hadi 32 na usiku haupoi, chachu yako inashinda na njaa na kulala na njaa, wakati wewe unaamini umeilisha. Ratiba ya kulisha ipangwe kwa joto la jiko lako.

Tuanze na kilichomo kwenye chupa. Chachu ni unga na maji tu. Humo wanaishi viumbe wa aina mbili: hamira mwitu, wanaotoa gesi ya kuinua mkate, na bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi, ambao ndio wanaoleta uchachu. Kwa sehemu kubwa wanakuja na unga wenyewe, kwenye ganda la punje. Ndiyo maana atta, au unga wowote wa ngano usiokobolewa, huanza haraka kuliko unga mweupe, na kijiko kimoja cha unga wa wimbi au mtama kinasaidia sana. Waliokulia kwenye nyumba za togwa na uji wa kuchachisha wanalijua hili tangu utotoni, hata kama hakuna aliyewaeleza habari za bakteria.

Kuanza: chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, gramu 50 za atta, gramu 50 za maji. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi usiku kucha, au yachemshe yapoe. Koroga hadi pasibaki unga mkavu, futa kingo za chupa kwa ndani, funika kwa mfuniko usiokazwa. Mizani ya jikoni inunue kama una uwezo. Kama huna, kikombe cha mililita 250 kikijaa unga na kusawazishwa juu ni gramu 120 hadi 130 hivi, kwa hiyo kadiria kuanzia hapo. Kila baada ya masaa 24 bakiza gramu 50 za mchanganyiko, mwaga zilizobaki, ongeza gramu 50 za unga na 50 za maji.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko unapanda ghafla, wakati mwingine hadi unamwagika. Watu wanapiga picha, wanafurahi. Lakini hebu fungua mfuniko unuse: ni harufu ya kitu kilichooza, jibini bovu au soksi. Mapovu ni makubwa, na ukiingiza kijiko mchanganyiko unashuka kama hauna nguvu. Hao siyo hamira. Ni bakteria wa awali, hasa jamii ya Leuconostoc, ambao nao wanatoa gesi. Wanazaliana upesi unga unapolowa, wanatengeneza asidi, na asidi hiyo hiyo inawafukuza wao wenyewe. Wakishaondoka, chupa inanyamaza. Siku ya nne, ya tano, pengine ya sita, hakuna povu, hakuna kupanda, na mtu anaamini imekufa.

Haijafa. Ndani ya ule ukimya kiwango cha asidi kinapanda, na kikishafika pazuri hamira mwitu wanaamka. Nawasihi msimwage siku ya tano! Punguza tu mkono: ikiwa haipandi, bakiza sehemu kubwa zaidi ya chachu ya zamani unapolisha, usije ukaizimua asidi inayohitajika. Pwani mara nyingi inaamka kati ya siku ya tano na ya nane, kwenye baridi inaweza kwenda wiki mbili.

Kuna njia ya kuwaruka hao bakteria wa awali. Mwokaji wa Marekani, Debra Wink, ndiye aliyeitangaza: siku mbili tatu za mwanzo tumia juisi ya nanasi badala ya maji. Nanasi lina asidi ya kutosha kuwazuia wale wabaya wakati hamira hawasumbuki nayo. Sisi tulioko kwenye nchi za mananasi tunapaswa kuwa wa kwanza kuitumia hii. Juisi ya nanasi uliyokamua mwenyewe ichemshe kidogo kwanza uiache ipoe, kwa sababu ina kimeng'enya kinachovunja protini ya ngano na moto unakizima. Usiweke sukari.

Utajua imekomaa ikipanda mara mbili ya ujazo ndani ya masaa 4 hadi 6 baada ya kulishwa, tena kwa milo mitatu mfululizo, na harufu yake imekuwa ya mtindi au tunda lililoiva. Funga mpira wa hela kwenye usawa wa chachu ukishailisha, ndiyo kipimo chako. Kipimo cha kuidondosha kwenye maji kuona kama inaelea mimi sikiamini, chachu nzuri iliyo nzito inaweza kuzama.

Na sasa lile la joto. Wataalamu waliochunguza chachu za ngano walikuta hamira mwitu wa kawaida, Kazachstania humilis, anastawi zaidi kwenye nyuzi 27 hadi 28, wakati bakteria mwenzake, Fructilactobacillus sanfranciscensis, anakimbia hadi nyuzi 32. Piga hesabu ya jiko la Dar mwezi Februari. Bakteria yuko kwenye raha yake, hamira anahema. Ukilisha kwa uwiano wa sawa kwa sawa, chachu 1, unga 1, maji 1, inafika kileleni, yaani inapanda hadi mwisho wake, kwa masaa 3 au 4, halafu masaa 20 yaliyobaki inakaa kwenye asidi bila chakula. Kesho yake unaanza na chachu iliyochoka, inayoozesha gluteni ya unga wako, ile protini ya ngano inayoushikilia mkate. Mkate bapa unatokea hapo.

Dawa yake ni kuilisha chakula kingi zaidi. Chachu 1, unga 5, maji 5, itakupa masaa 7 hadi 9 kwenye joto hilo. Chachu 1 kwa 10 kwa 10 inafika usiku kucha. Mimi nabakiza gramu 5 tu, gramu 25 za unga na 25 za maji, asubuhi na jioni. Kwa mwezi ni kilo 1 na nusu ya unga, na hakuna ndoo ya ziada ya kumwaga. Ukitaka kuoka, ndiyo unaongeza mlo mkubwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mwenye friji ana nafuu: ilishe, iache masaa mawili ianze kufanya kazi, iweke ndani, ilishe mara moja kwa wiki. Itoe siku moja kabla ya kuoka, uilishe mara mbili.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Kisauni

Shukran sana ndugu, umetufungulia. Yangu ina maji meusi juu na harufu kali ya ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ni mbovu? Na pia nimesikia yale maji ni pombe, sasa sisi Waislamu tunafanyaje?

Jiko la Makaa

Dada, hiyo ni njaa tu. Yale maji yanajitenga chakula kikiisha, yamwage kisha ilishe 1 kwa 5 kwa 5 milo miwili au mitatu, harufu itaondoka. Ya kumwaga bila huruma ni mbili: yenye ukungu wa manyoya, wa rangi yoyote, na yenye michirizi ya waridi au ya machungwa. Hapo usikwangue juu ukabakiza chini. Mwaga yote, chupa ioshe kwa maji ya moto.

Kuhusu pombe: ndiyo, hamira yeyote anapokula sukari anatoa gesi na kiasi kidogo cha pombe, hata hamira ya pakiti tunayotumia kwenye mahamri. Kwenye mkate sehemu kubwa inakwenda na moto. Ile ya juu ya chupa unaimwaga, wala haihitajiki. Hukumu ya kidini waulize wenye elimu hapo mtaani, mimi naishia kwenye namna inavyotokea.

Baridi ya Makete

Mkuu, uzi mzuri ila umeandika kwa ajili ya watu wa pwani. Huku kwetu Juni na Julai jikoni asubuhi ni nyuzi 10 au 12. Chachu yangu ina wiki ya pili, vipovu viwili vitatu tu.

Jiko la Makaa

Kweli kaka, kwenu mambo yanageuka. Tafuta hotipoti, ile ya kuwekea wali. Weka chupa ya chachu ndani, pembeni weka chupa ndogo ya maji ya moto, funga. Badilisha maji asubuhi na jioni. Koroga chachu kwa maji ya vuguvugu, yasizidi joto la mkono wako. Usiilishe sana, 1 kwa 1 kwa 1 mara moja kwa siku inakutosha, na kama haijapanda iache hadi kesho yake. Na changanya unga wa ulezi, sehemu moja kwa nne za atta. Usiiweke juu ya jiko lenye moto: ikipita nyuzi 40 hamira wanaanza kufa.

Fundi Mandazi

Habari zenu. Mimi nauza mandazi na vitumbua asubuhi, hamira nanunua kila siku. Hii chachu inaweza kushika nafasi yake? Nisije nikaharibu mtaji.

Jiko la Makaa

Inaweza, lakini anza na kundi dogo la kula nyumbani. Kwa nusu kilo ya unga weka gramu 100 hadi 150 za chachu iliyo kileleni. Kanda saa 3 usiku, saa 11 alfajiri utakuta umeumuka. Sukari nyingi inawachosha hamira, hivyo mandazi matamu sana yatachelewa; weka sukari ya wastani. Na chachu ya mandazi iwe changa, imelishwa mara mbili siku hiyo, vinginevyo wateja watauliza mbona yana uchachu. Vitumbua ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu mchele hauna gluteni ya kuharibika na uchachu kidogo na tui la nazi vinapatana sana. Vijiko viwili vya chachu kwenye mchele uliosagwa wa nusu kilo, usiku mmoja.

Mkunazini

Hapo kwenye vitumbua nimefurahi. Bibi yangu hapa Unguja alikuwa haumui mkate wa kumimina kwa hamira ya dukani, alitumia tembo la mnazi, lile tamu la asubuhi. Ladha ile sijaipata tena. Naona sasa ilikuwa ni kazi ile ile.

Jiko la Makaa

Kazi ile ile kabisa, bibie. Tembo ni maji ya mnazi yaliyojaa hamira mwitu na bakteria wake. Wahabeshi nao kwenye injera hawaanzi upya kila mara, wanachukua kimiminika kinachokaa juu ya rojo la teff lililochacha, wanakiita ersho, wanaanzishia la kesho. Haya mambo hayakuanzia kwenye mitandao mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani.

Msafiri Muscat

Asalaam aleikum. Kuna wauzaji mtandaoni wana chachu kavu ya San Francisco, wanasema ina miaka zaidi ya 150. Ninunue au nianze mwenyewe? Nipo Muscat, nyumbani tuna kiyoyozi muda wote.

Jiko la Makaa

Waaleikum salaam. Anza mwenyewe, hela yako nunulia unga mzuri.

San Francisco ina historia ya kweli: kiwanda cha mikate cha Boudin kipo tangu 1849, enzi za watafuta dhahabu. Mwaka 1971 watafiti Kline na Sugihara, waliokuwa wakifanya kazi ng'ambo ya ghuba hiyo kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani, walichapisha habari za yule bakteria wa kwenye mikate ya huko, ndiyo akapewa jina la mji. Watu wakaamini ni kiumbe wa San Francisco pekee. Baadaye akaonekana kwenye chachu za nchi nyingi. Hata namna hamira na bakteria wale wanavyoishi pamoja ilianza kueleweka hapo: bakteria anakula sukari ya maltosi iliyomo kwenye unga, yule hamira haigusi, kwa hiyo hawagombanii chakula. Hilo kwangu ni jambo la kustaajabisha kuliko umri wowote wa chachu.

Kisha mwaka 2021 ulitoka utafiti wa chachu 500, nyingi zikiwa za Marekani, na mahali chachu ilipotoka hapakueleza sana tofauti za viumbe waliomo. Ukiinunua hiyo ya miaka 150 ukailisha atta yako Muscat, viumbe wanaokuja na unga wako nao wanaingia, na chachu inafuata malezi yako. Unachonunua ni kuokoa wiki mbili za kusubiri. Kwa kiyoyozi cha nyuzi 23 au 24 wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye maelekezo ya Wazungu yatamfaa bila kubadilisha.

Mlalahoi wa Buza

Sawa kwa wenye friji na kiyoyozi. Mimi sina friji, umeme wenyewe unakatika. Na oveni sina.

Jiko la Makaa

Ndugu yangu, chachu imeishi miaka maelfu kabla ya friji. Ifanye iwe kavu: gramu 5 za chachu, gramu 30 za unga, gramu 15 za maji. Kanda iwe donge gumu, lifukie katikati ya unga ndani ya kopo. Donge gumu linachacha polepole kuliko rojo, hivyo hata Buza utalisha mara moja kwa siku, au mara mbili kwenye joto kali. Lifunike kwenye mahali penye kivuli, karibu na mtungi wa maji kama unao, sakafuni na siyo juu ya kabati ambako joto linapanda. Unapolilisha, chana lile ganda la nje, tumia kiini laini cha ndani.

Kuoka bila oveni: unga wa ngano gramu 400, maji 260, chachu iliyo kileleni 80, chumvi 8. Kanda, liache donge, kila nusu saa likunje mara tatu nne, halafu liache hadi liongezeke nusu ya ukubwa wake. Kwenye nyuzi 30 ni kama masaa 4, usisubiri liwe mara mbili. Litengeneze, liweke kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, liache kama saa 1. Sufuria kubwa nzito weka mchanga chini, ipate moto robo saa, ingiza ile ndogo, funika kwa mfuniko wa bati, palia makaa juu mengi kuliko ya chini. Usifunue dakika 30 za mwanzo. Dakika 45 hivi uko tayari. Gonga chini ya mkate, ukitoa mlio wa uwazi umeiva. Uache upoe kabisa kabla ya kukata, ndani bado unaendelea.

Mama Pacha

Mume wangu ana sukari na dada yangu tumbo halipatani na ngano. Hii itawasaidia?

Jiko la Makaa

Pole dada. Kwa mwenye kisukari, mkate huu bado ni wanga. Uhesabiwe kama mkate mwingine, afuate ushauri wa daktari wake, na ukitumia atta nyingi angalau anapata nyuzinyuzi. Kwa dada yako, kama amepimwa akakutwa na ugonjwa wa siliaki, ule wa mwili kudhurika na gluteni, asile kabisa. Chachu inavunja sehemu ya gluteni, haiiondoi. Ukitaka umtengenezee kitu, anzisha chachu ya mtama au ya mchele mtupu kwenye chupa yake mwenyewe, na vijiko vyake, umpikie chila.

Baridi ya Makete

Mrejesho: hotipoti imefanya kazi. Jana imepita mpira, leo imepita tena, na harufu ni ya mtindi. Sasa nasafiri mwezi mzima, hapa nyumbani hakuna wa kuilisha. Nafanyaje?

Jiko la Makaa

Hongera sana kaka! Ikaushe. Ikiwa kileleni, ipake nyembamba kabisa kwenye karatasi ya kuokea, funika kwa kipande cha chandarua, iweke kivulini penye upepo. Jua kali linawaua. Kwenu itachukua siku moja au mbili. Walioko pwani wakati wa masika waweke chini ya feni, vinginevyo itaota ukungu kabla ya kukauka. Ikishavunjika kwa mlio ukiikunja, isage mkononi, tia kwenye kopo lisiloingiza hewa. Inakaa miezi mingi. Ukirudi: gramu 10 za vipande kwenye gramu 20 za maji ya vuguvugu, masaa mawili vilainike, kisha gramu 20 za unga. Baada ya milo mitatu au minne itakuwa imerudi. Na mpe jirani kopo moja.